Tangi Linalolegea: Plastiki, Mzigo na Muda katika Mtaa wa Mapendo

Tangi jeusi la lita 5,000 likijazwa hadi mdomoni katika parseli moja ya Mapendo, jukwaa lake limebeba tani tano, na ukuta wake wa plastiki unasukumwa na maji usiku na mchana. Siku ya kwanza hakuna kinachoonekana. Mwezi wa kwanza mwenye nyumba huangalia kama robine inavuja. Akikuta pakavu, hutulia. Miaka ikipita, tumbo la tangi hujitokeza karibu na kitako, mbao za jukwaa huacha alama kwenye sakafu yake, na asubuhi moja ufa mwembamba huonekana pale bomba la kutolea maji lilipofungwa. Nyumbani watasema tangi limepasuka leo. Lakini lilianza kuliacha umbo lake saa ile ile lilipojazwa mara ya kwanza, na kila hatua ya safari hiyo ingeweza kukadiriwa mapema kwa utepe wa kupimia, kalenda na hesabu za sekondari.

Plastiki iliyobebeshwa mzigo usioondoka hulegea. Wahandisi huita hali hiyo kripu. Haihitaji ajali, wala mtu mzembe, wala joto kali. Inahitaji mzigo na muda, na Mapendo ina vyote viwili.

Mtaa huu uko katika komini ya Goma, mashariki mwa Kongo, upande wa Birere, jirani na mpaka wa Rwanda. Nyumba nyingi ni za mbao na mabati, zimebanana, na chini yake ni jiwe la lava. Maji ya mji huvutwa Ziwa Kivu kwa pampu, yakapandishwa kwenye matangi makuu, kisha yakashuka kwa mabomba. Umeme ukikatika pampu husimama, na mabomba hukauka. Ndiyo sababu kila anayeweza huweka tangi, na asiyeweza huweka mabidoni. Maji ya kunywa ya familia ya Mapendo hupita katika bomba la polithini, tangi la polithini, bidoni ya njano iliyobebwa kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma) au mgongoni, na ndoo yenye kifuniko, kabla hayajafika kinywani. Plastiki ndiyo mfumo wa maji wa mtaa, kuliko chuma na kuliko saruji.

Ilivyofika kuwa hivyo inajulikana. Julai 1994 kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara yaliua wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa kufika 50,000 pembezoni mwa Goma katika muda wa wiki chache. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilikata mji katikati hadi ziwani na kuacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilirudi. Lava ilisimama kabla ya kufika uwanja wa ndege, lakini iliharibu miundombinu ya maji, na watu wapatao nusu milioni walikosa maji safi. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, umeme na maji vikakatika kwa siku kadhaa, na watu wakarudi kuchota ziwani. Kila msiba kati ya hii ulileta plastiki yake: mabidoni ya msaada, matangi ya kusimamishwa kwa siku moja, mabomba ya kutandazwa juu ya mawe bila kuchimba. Ilikuwa sahihi kufanya hivyo, kwa kuwa hakuna kifaa kingine kinachoweza kuwafikishia maji watu laki moja ndani ya wiki moja. Tatizo lilianza baadaye, pale kifaa cha dharura kilipobaki kazini mwaka wa pili, wa tano na wa kumi, bila mtu wa kuuliza kilihesabiwa kidumu muda gani.

Goma inajua kuweka kumbukumbu za misiba yenye tarehe. Kulegea hakuna tarehe. Hakuna mkutano wa dharura unaoitishwa kwa sababu tumbo la tangi limeongezeka sentimita moja tangu mwaka jana. Na kwa sababu hiyo upotevu mkubwa unapita bila daftari: tangi lililonunuliwa kwa akiba ya miaka, bomba la mtaa linalovuja chini ya gari, bidoni yenye ufa unaohifadhi uchafu. Bandu bandu huisha gogo, nasi tunahesabu tu siku gogo linapoanguka.

Tuangalie plastiki yenyewe inafanya nini. Polithini imeundwa kwa minyororo mirefu sana ya molekuli, iliyosokotana lakini haikufungwa pamoja kwa nguvu. Nondo ya chuma ikivutwa kwa kani ndogo hurefuka kidogo mara moja, ikabaki hapo. Polithini hurefuka mara moja, halafu inaendelea. Minyororo inateleza, inanyooka, inahama kutoka mahali penye mkazo kwenda mahali penye nafasi, na joto la kawaida la mchana linatosha kuisogeza. Mzigo ukiondolewa mapema, sehemu kubwa ya mrefuko hurudi, ingawa polepole. Ukiachwa miaka, sehemu kubwa haitarudi tena.

Ukubwa wa badiliko hili huwashangaza hata mafundi wazoefu. Ugumu wa polithini nzito ukipimwa kwa dakika chache ni kama megapaskali 1,000. Kwa mzigo wa miaka 50, wahandisi wa mabomba hutumia kati ya 150 na 200. Ni plastiki ile ile, haijapigwa jua wala kuguswa na kemikali. Muda peke yake umeondoa sehemu nne kwa tano za ugumu wake. PVC ngumu ni imara zaidi katika jambo hili, nayo pia hupoteza karibu nusu. Kwa hiyo fundi anayebonyeza ukuta wa tangi jipya kwa kiganja na kusema "huu ni mgumu" anasema kweli kuhusu leo tu.

Habari njema ni kwamba kulegea huku kuna mwendo unaofuatika. William Findley, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, aliacha vipande vya PVC na polithini vikiwa vimebeba mzigo kwa miaka 26, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1987. Kanuni anayokumbukwa nayo ni fupi: mrefuko wa jumla ni ule wa mwanzo, ukiongezwa kiasi kinachokua kwa muda uliopandishwa kwa kipeo kidogo. Kwa lugha ya nyumbani, plastiki hailegei sawasawa kila mwaka. Inalegea kwa mafungu, na kila fungu linachukua muda mara kumi ya lile lililotangulia. Kinachotokea kati ya saa ya kwanza na ya kumi kinafanana na kinachotokea kati ya saa ya 1,000 na ya 10,000, yaani kati ya wiki ya sita na mwezi wa kumi na nne.

Tufanye hesabu kwa tangi letu la Mapendo. Tuseme kipenyo chake ni mita 1.8, maji yamesimama mita 2, na ukuta wa chini una unene wa milimita 6. Maji ya kimo hicho husukuma ukuta kwa kilopaskali 20 hivi. Zidisha kwa nusu kipenyo, gawanya kwa unene, unapata mkazo wa karibu megapaskali 3 ukizunguka tumbo la tangi. Tukichukua ugumu wa saa ya kwanza kuwa megapaskali 600, ukuta umerefuka asilimia 0.5. Mzunguko wa tangi ni kama mita 5.65, kwa hiyo saa moja baada ya kujazwa umeongezeka milimita 28. Tukichukua kipeo cha 0.1, ambacho kinalingana na namna ugumu wa polithini unavyoshuka katika miaka 50, kila muda ukizidishwa mara kumi mrefuko huongezeka kwa takriban robo. Siku ya kwanza inaisha na milimita 39. Mwezi wa kwanza, 55. Mwaka wa kwanza, 70. Mwaka wa kumi, 88.

Namba hizi ni za mfano, na kila tangi lina zake. Kitako hushikiliwa na sakafu, kwa hiyo uvimbe mkubwa hutokea juu yake kidogo, kimo cha shubiri moja au mbili. Lakini tazama umbo la mfuatano wenyewe. Zaidi ya nusu ya mrefuko wa miaka kumi umekwisha ndani ya mwezi wa kwanza. Kati ya mwaka wa kwanza na wa kumi zimeongezeka milimita 18 tu. Tangi likipimwa mwaka wa pili, wa tatu na wa nne likaonyesha kuwa nyongeza ya kila mwaka inapungua, liko kwenye njia yake ya kawaida. Nyongeza ikibaki ile ile mwaka hadi mwaka, au ikianza kukua, tangi limeingia awamu ya mwisho na halipaswi kusimama juu ya vichwa vya watoto. Kipimo hicho hakihitaji maabara. Utepe wa fundi nguo unatosha, maadamu unazungushwa mahali pale pale, tangi likiwa limejaa, asubuhi kabla ya jua.

Rudi sasa kwenye unene, kwa maana hapo ndipo kuporomoka kwa ubora wa bidhaa kunapoingia. Ukuta wa tangi lile ukishushwa kutoka milimita 6 hadi 4, mkazo unapanda kutoka karibu 3 hadi 4.4. Kiwango cha Marekani cha matangi ya polithini yanayofinyangwa kwa kuviringisha kalibu, ASTM D1998, huweka kikomo cha mkazo kwenye megapaskali 4.1 hivi kwa joto la nyuzi 23. Tangi la milimita 4 limekwisha kuvuka mstari siku linapojazwa. Na dukani huwezi kulitofautisha kwa macho: ni jeusi, lina jina lile lile la lita 5,000, lina bei ndogo, na mteja hununua lita. Kinachosema kweli ni uzito. Tangi la vipimo hivi lenye ukuta wa milimita 6 lina polithini ya kilo 90 na ushee. Lenye milimita 4 lina kilo 60 na kitu. Kilo 30 zilizokosekana ndizo miaka iliyokosekana. Ningependa kuona siku ambapo matangi yanauzwa Birere kwa mizani, kilo zikiwa zimeandikwa ubavuni kando ya lita.

Kwa mabomba, hesabu hii ni kali zaidi. Polithini ya daraja la PE100 hupewa jina hilo kwa sababu imekadiriwa kustahimili mkazo wa megapaskali 10 kwa miaka 50 katika nyuzi 20. Bomba la daraja hilo hilo, katika kipimo cha saa 100, linatakiwa kustahimili megapaskali 12. Linganisha: kwa 12 tunazungumzia siku nne, kwa 10 tunazungumzia nusu karne. Sehemu moja kati ya sita ya mkazo inatenganisha siku na miaka. Wahandisi hujiwekea akiba kwa kugawanya 10 kwa 1.25, wakafanya kazi kwenye 8. Akiba hiyo yote huliwa na ukuta uliopunguzwa moja ya tano ya unene wake. Bomba kama hilo litafungwa, litajaribiwa kwa shinikizo, litapita, litasainiwa. Kasoro yake itaonekana baada ya waliosaini kuondoka.

Marekani ililipia somo hili kwa maisha ya watu. Oktoba 1994, miezi michache baada ya kipindupindu cha Goma, bomba la gesi la polithini lilipasuka Waterloo, jimbo la Iowa, na mlipuko ukaua watu sita. Bodi ya taifa ya usalama wa uchukuzi, NTSB, ilichunguza, na mwaka 1998 ikasema kwamba utaratibu uliotumika kupima nguvu za mabomba ya plastiki huenda ulikadiria kupita kiasi uimara wa mengi yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walipima kwa muda mfupi, wakachora mstari, wakaurefusha kwa rula hadi miaka ya mbele. Mstari halisi ulikuwa na goti.

Goti hilo ni jambo la kueleweka vizuri na kila anayefunga bomba Goma. Chini ya mkazo mkubwa polithini hufa kwa kuvimba na kunyooka, na mtu huona. Chini ya mkazo mdogo wa miaka mingi hufa kwa namna nyingine: ufa mdogo huanzia penye mkwaruzo, kona au jiwe lililoukandamiza ukuta, na kusonga ndani taratibu bila uvimbe wowote wa nje. Siku unapotokeza upande wa pili, bomba linaonekana zima kabisa, isipokuwa mstari mmoja unaotoa maji. Kanuni ya kulegea iliyoelezwa juu haitabiri ufa huu. Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha ISO 9080 hakikubali makadirio yanayotokana na joto moja tu. Kinataka vipimo vifanywe pia katika joto la juu, vikifika saa 10,000 au karibu yake, kwa kuwa joto huharakisha mwendo wa minyororo na goti la miaka ya mbele hujionyesha mapema kwenye nyuzi 80.

Mfano wa pili unatoka Boston. Tarehe 10 Julai 2006, dari la saruji lenye uzito wa tani nyingi lilianguka ndani ya handaki la barabara na kumuua abiria ndani ya gari. Boliti zilizoshikilia dari hilo zilikuwa zimegandishwa kwa gundi ya epoksi, ambayo ni plastiki pia. Katika vipimo vya muda mfupi gundi ilikuwa na nguvu ya kutosha. Chini ya mzigo wa kudumu ililegea hadi boliti zikachomoka. NTSB ilieleza chanzo kuwa ni kutumia gundi isiyostahimili kripu, na ikaonyesha kwamba tangu mwaka 1999, wakati wa ujenzi, boliti zilionekana zimeshuka, zikafanyiwa marekebisho bila chanzo kueleweka. Dalili ilikuwepo, ilionekana kwa macho, na haikuhesabiwa. Nautaja mji tajiri wenye vyuo vikuu mashuhuri ili isidhaniwe kwamba uzembe huu ni wa maskini.

Mazingira ya Mapendo yana faida moja ambayo hutajwa mara chache. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto la hewa unakaribia nyuzi 20, yaani joto lile lile ambalo viwango vya dunia vimejengwa juu yake. Bomba lililofukiwa vizuri Goma lina bahati kuliko la Mombasa au Muscat. Lakini neno muhimu ni kufukiwa. Lava ni ngumu kuchimba, kwa hiyo mabomba mengi ya vitongoji yamelala juu ya ardhi, meusi juu ya jiwe jeusi, chini ya jua la karibu na ikweta. Ukuta wa bomba ukifika nyuzi 40, shinikizo linaloruhusiwa linashuka hadi asilimia 74 ya lile la nyuzi 20. Ukifika 30, ni asilimia 87. Rangi nyeusi yenyewe ni kinga: mabomba ya maji huwekewa masizi ya kaboni ya asilimia 2 hadi 2.5 ili kuzuia mionzi ya jua isikate minyororo. Bidoni ya njano haina kinga hiyo.

Kisha kuna jiwe. Ncha ya lava iliyochongoka chini ya bomba huweka mkazo wote mahali padogo kama ukucha, na huo ndio mwanzo wa ufa usioonekana. Gari la mizigo likipita juu, ncha inazama zaidi. Viwanda hutengeneza polithini maalumu ya kustahimili ufa, yenye alama RC, kwa ajili ya mitaro isiyo na mchanga. Pasipo hiyo, tabaka la mchanga au changarawe laini ya volkano chini ya bomba hufanya nusu ya kazi hiyo, nayo changarawe hiyo imejaa mjini. Jukwaa la tangi nalo lina ugonjwa wa namna hiyo. Mbao zikipangwa kwa nafasi, sakafu ya tangi hushuka kati ya mbao mbili mwaka baada ya mwaka, na ukingo wa ubao hugeuka kuwa ncha ya jiwe. Sakafu ya jukwaa iwe nzima na laini, pana kuliko tangi.

Bidoni inastahili nafasi yake. Nyingi ziliingia Goma zikiwa na mafuta ya kupikia, zikaanza maisha ya pili kama vyombo vya maji. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji wa vitu vya hatari hutaka bidoni ya plastiki ya vimiminika ijaribiwe kwa kubebeshwa mzigo sawa na rundo la mita tatu, kwa siku 28, katika joto lisilopungua nyuzi 40. Muda huo mrefu umewekwa kwa sababu ya kripu: pipa la chuma hujaribiwa saa 24 tu. Na kwa vimiminika hivyo vya hatari, bidoni huruhusiwa miaka mitano tangu kutengenezwa, kisha basi. Ukigeuza bidoni, mara nyingi utakuta duara dogo lenye namba na mshale limechapwa kwenye plastiki. Hiyo ndiyo tarehe ya kuzaliwa kwake, mwezi na mwaka. Maji si kemikali ya hatari, na sisemi kila bidoni ya miaka sita itupwe. Nasema duara lile ni taarifa ya bure ambayo karibu hakuna anayeisoma.

Kifuniko cha bidoni kinaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Kikikazwa na kuachwa, umbo halibadiliki sana, lakini nguvu ya kukaza inapungua yenyewe siku hadi siku, kwa kuwa minyororo ya hesi za plastiki imetulia. Ndiyo maana watu huweka kipande cha sasheti chini ya kifuniko ili kisivuje juu ya chukudu. Nyufa za pembeni huzibwa kwa chuma cha moto, na kiraka hicho huacha mkazo mpya kando yake, ambapo ufa mwingine utaanzia. Ndani ya nyufa hizo brashi haifiki. Katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuhama, hili ni suala la afya kuliko la uchumi. Klorini inayowekwa kwenye maji huila kinga ya polithini kidogo kidogo, ni kweli, lakini asiwepo mtu wa kuacha klorini kwa kuhurumia bidoni. Bidoni hubadilishwa, mtoto habadilishwi.

Nani alipaswa kupima? Kongo ina Ofisi ya Udhibiti, OCC, iliyoundwa mwaka 1974 kukagua ubora na wingi wa bidhaa, na ina Regideso kwa maji ya mijini. Tangu Goma iingie mikononi mwa waasi wa AFC/M23 Januari 2025, uzi kati ya ofisi hizo na Kinshasa umekatika, benki zilifunga milango, na fedha ya kubadilisha tangi imekuwa ngumu kwa familia nyingi kuliko tangi lenyewe. Hukumu yangu ni kwamba kipindi cha namna hii ndicho kinachohitaji makadirio zaidi. Aliye na fedha hubadilisha kabla ya wakati. Asiye nazo anahitaji kujua lipi linaweza kungoja na lipi haliwezi.

Mji huu hauwezi kusema kuwa kupima mabadiliko ya milimita ni anasa ya nchi za mbali. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, hufuatilia kwa vifaa vya GPS na vipima mwinamo jinsi ardhi inavyojikunja chini ya mji. Tunajua pia gharama ya kuacha kupima: ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo hicho ulikoma mwaka 2020, na mlipuko wa Mei 2021 ukakuta ufuatiliaji umedhoofika. Utaratibu wa kupima jambo linalokwenda polepole ukivunjika, haumwambii mtu kwamba umevunjika.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Goma (UNIGOM) na wa taasisi ya ufundi ya ISTA wanaweza kuanza bila kungoja mfadhili. Kata ukanda wa upana wa milimita 10 kutoka tangi lililopasuka lenye ukuta wa milimita 5. Chora mistari miwili juu yake, uning'inize kivulini, ufunge chini yake bidoni yenye lita 15 za maji. Mkazo hapo ni megapaskali 3, kama kwenye ukuta wa tangi letu. Pima umbali wa mistari saa ya kwanza, ya 10, ya 100 na ya 1,000. Ya mwisho huangukia wiki ya sita. Makadirio yasivuke mara kumi ya muda uliopimwa, kwa sababu ya goti. Vipande kumi kutoka matangi kumi ya aina tofauti vitaipa Goma daftari lake la kwanza kuhusu plastiki inayouzwa humu mjini, na mnunuzi atakuwa na kitu cha kumwonyesha mwuzaji.

Na wewe mwenye tangi, pale Mapendo au kokote usomapo haya: lijaze jioni, lizungushie utepe kesho asubuhi shubiri mbili juu ya kitako, andika sentimita na tarehe kwa rangi nyeupe ubavuni. Pima tena mwezi ujao, na mwakani, na mwaka unaofuata. Nyongeza ikiacha kupungua, lipunguze maji nusu siku hiyo hiyo, na usiwaache watoto wacheze chini yake.